Kifuniko cha Landrova: Maisha ya Tarsisi Agapiti Ndalahwa (1964–2025)

Baba Paroko, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Katente, na ninyi mliotoka Bugarama na vumbi lenu mgongoni: poleni kwa jua, poleni kwa kukesha. Mimi ni Hosiana, dada wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Ninasoma maisha yake kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenipa kazi hii akiwa hai, na hakuniachia nafasi ya kukataa. Nimechoka, sitaficha. Mtanivumilia nikisoma polepole.

Marehemu Tarsisi alizaliwa tarehe 15 Agosti 1964 hapa hapa Katente, Ushirombo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Agapiti Ndalahwa, mkulima wa pamba na katekista, na Mama Febronia, wote wametangulia. Wakati ule huku kulikuwa wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Leo ni Bukombe, mkoa wa Geita. Mipaka imehama, sisi tumebaki palepale. Siku aliyozaliwa kalenda ya Kanisa inamkumbuka Mtakatifu Tarsisi, na baba yetu hakuwa mtu wa kuhangaika kutafuta majina. Alibatizwa kabla mwezi haujaisha.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Darasani alikuwa wa kawaida. Walimu walimkumbuka zaidi kwa mambo aliyoyafungua kuliko aliyoyaandika. Baba yetu alikuwa anatunza taa ya karabai ya kanisa, na mwaka mmoja, mchana wa kuamkia Noeli, Tarsisi aliifungua yote juu ya mkeka kwa sababu mwanga wake ulikuwa umefifia. Baba aliporudi akakuta vyuma vimetandazwa. Alisema, "Umeiua taa ya Bwana." Tarsisi alichapwa, na misa ilisaliwa kwa mishumaa. Asubuhi ya Noeli, matako bado yanamuuma, alichomoa unywele mmoja wa brashi ya viatu, akauchomeka kwenye kitundu cha kupitishia mafuta, akakisafisha, akairudisha taa kama ilivyokuwa. Ikawaka kuliko mwanzo. Alimwambia baba, "Haikuwa imekufa. Ilikuwa na njaa." Baba hakumwomba radhi, maana wazazi wa siku zile hawakuwa na kawaida hiyo, ila kuanzia siku ile karabai ilikuwa ya Tarsisi.

Mwaka 1979 alipokelewa kwenye karakana ya misheni kujifunza ufundi wa magari, akakaa huko miaka minne. Mwaka 1983 aliajiriwa kama fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Kahama. Pamba ilipoyumba na mishahara ikaanza kuja inapotaka, alihamia Bugarama mwaka 1995, watu walipokuwa wakimiminika kwa ajili ya dhahabu. Yeye hakushika sululu. Alisema dhahabu haina anwani, lakini injini ya mchimbaji lazima iharibike. Alifungua gereji ya mabati kando ya barabara, akatengeneza kompresa za wachimbaji, karasha za kusagia mawe, na magari ya zamani ambayo wenye akili walikuwa wameshayakatia tamaa. Yeye mwenyewe alinunua moja la aina hiyo kwenye mnada wa misheni, Landrova ya dizeli yenye mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba. Ndiyo hiyo iliyomleta hapa leo asubuhi.

Wote mliopita gereji kwake mnamfahamu kwa jina la Fungua Kwanza. Gari likifika linakohoa, linakosa nguvu mlimani, linazima na kuwaka na kuzima tena, wenye gari walikuwa wanakuja na majibu yao tayari. Huyu anasema injekta pampu imekufa. Yule ameshanunua nozeli. Tarsisi alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Fungua kwanza kifuniko cha tanki." Alikuwa anataka asikie kama tanki linavuta hewa. Baada ya hapo ndipo alipima mafuta kwa kijiti, maana wapo waliomletea gari bovu kumbe tanki ni kavu. Halafu chujio, aone kama kuna maji yametuama chini. Halafu alifuata bomba kwa vidole kutoka tanki hadi pampu, akitafuta palipolegea au palipopondeka. Halafu anapampu kwa mkono na kutoa hewa. Injekta pampu, ile inayosukuma mafuta ndani ya injini, ilikuwa ya mwisho kabisa kuguswa, na mara nyingi haikufikiwa.

Madereva walimtania. Nakumbuka Nasibu, wa lori la mawe, alikuwa anaruka kutoka kwenye usukani na kifuniko mkononi. "Shikamoo mzee, nimeshafungua."

"Marahaba. Umesikia nini?"

"Nimesikia njaa, mzee. Sijala toka jana."

Marehemu alicheka nao, na wengi mlidhani ni mazoea tu ya fundi mzee. Naomba mlikumbuke jina hilo. Nitalirudia.

Tarehe 12 Septemba 1992, Tarsisi alifunga ndoa takatifu na Evelina, binti wa Bibi Justa, wa hapa hapa Ushirombo. Walijaliwa watoto wawili, Violeth mwaka 1994 na Boaz mwaka 1998. Evelina alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Alishona, alilima, aliuza vitumbua mbele ya gereji, na alikuwa mtu pekee aliyeweza kumwambia Tarsisi anawe mikono akanawa. Walipohamia Bugarama, mdogo wake Evelina, Donatus, aliwafuata. Alikuwa kijana mchapakazi, akaanza kuuza dizeli kwenye mapipa kwa wenye kompresa. Shemeji hao wawili walikuwa wanakula sahani moja. Mafuta ya Landrova yalitoka kwa Donatus, na Donatus akihitaji kuhamisha mapipa, Landrova ilikuwa yake.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ya mazishi iliona niruke. Nataka mjue kwamba tuliliongea, tena kwa muda mrefu. Mzee Eustace, ambaye ni baba yetu mdogo na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alisema, "Makaburini tunasema mazuri ya mtu." Nikamjibu kwamba hili nalo ni zuri, ila limechelewa. Mwishowe akasema nifanye nilivyotumwa. Nakushukuru, baba mdogo. Watoto wote wawili wamekubali, na limechapwa kwenye ratiba mliyoshika.

Aprili mwaka 2004 Evelina alikuwa na ujauzito wa tatu, na mimi nilikuwa nimekwenda Bugarama kumsaidia. Mvua zilikuwa nyingi. Wizi wa dizeli nao ulikuwa mwingi, kwa sababu kompresa hazilali, na watu walikuwa wananyonya mafuta kwenye matanki ya magari kwa mpira. Bugarama kila mtu alikuwa na dawa yake ileile: unakata kipande cha tyubu ya lori, unakiweka chini ya kifuniko cha tanki, unakaza, halafu unazungushia mpira mwingine juu yake kwa nguvu mpaka mwizi achoke. Maji ya mvua hayaingii, vumbi haliingii, mwizi anakata tamaa. Tarsisi alifunga Landrova yake hivyo wiki hiyo hiyo, kwa mikono yake.

Tarehe 20 Aprili, baada ya chakula cha mchana, Evelina alianza kutoka damu. Tulimlaza kwenye godoro nyuma ya Landrova, nikakaa chini nimeshika kichwa chake, tukashika njia ya Kahama. Mafuta yalikuwa yamejazwa asubuhi, kwa Donatus. Hatukuwa tumefika mbali gari likaanza kukosa nguvu, likazima.

Tarsisi alishuka, akafungua chujio. Chini kulikuwa na uchafu na matone ya maji. Alinionyesha kwenye kiganja. "Mafuta ya Donatus haya," alisema. Alisafisha, akapampu kwa mkono, akatoa hewa, gari likawaka. Tukaenda. Likazima tena. Akafungua bomba kutoka kwenye tanki, akapuliza, akafunga, akapampu, likawaka. Tukaenda kidogo kuliko mara ya kwanza. Likazima.

Barabara ilikuwa tupu, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mahali maji yamekata na magari yaliogopa. Evelina aliuliza, "Baba Violeth, bado?"

"Bado kidogo, mama."

Hakuuliza tena. Nilimwita, hakuitika. Tarsisi alikuwa amepiga magoti kwenye matope chini ya boneti, anapampu ile pampu ndogo kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa kimechubuka. Nilikwenda nikasimama nyuma yake.

"Kaka, acha."

"Inakaribia kushika."

"Kaka, acha kupampu."

Aliendelea kwa muda. Nilimwacha, maana sikuwa na la kumfanyia. Mtoto naye hakupona.

Tulimzika Evelina hapa. Kaburi lake ni hili lililo kando, lenye msalaba wa chuma ambao Tarsisi aliuchomelea mwenyewe. Siku ile, kabla ya maziko, mkubwa wa ukoo wa akina Evelina, ambaye sasa ni marehemu, alimuuliza mkwe wake mbele za watu gari lilipatwa na nini. Tarsisi alijibu maneno matatu. "Mafuta yalikuwa machafu." Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kila mtu alijua nani anauza.

Wakati wa kuweka udongo, Donatus alisogea na udongo mkononi. Yule mzee alimshika kifundo cha mkono, akamwambia, "Weka chini." Donatus aliuangusha udongo kando ya shimo. Alipita katikati ya watu, na watu walimpisha kama unavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Mama yake, Bibi Justa, alikuwa amekaa palepale, akageuzia uso upande mwingine. Wengi mliopo leo mlikuwepo. Na mimi nilikuwepo.

Donatus aliacha kuuza dizeli. Nani angenunua kwake? Alikwenda Nkome, ziwani, akaanza biashara ya dagaa, akaoa huko, akazeeka huko. Bibi Justa alifariki mwaka 2011 bila kumwona mwanawe, na wakati wa kuweka udongo jina la Donatus halikusomwa. Alikuwa mtoto wake pekee wa kiume.

Sasa sikilizeni aliyoniambia marehemu. Ilikuwa miezi michache baada ya kumzika Evelina, kiangazi kimeshaanza. Toka maziko Landrova ilikuwa imelala; siku hiyo alikuwa anatoka Kahama peke yake na vipuri, asubuhi, baada ya kulifunga tanki tena usiku kwa kuogopa wezi. Landrova ikakosa nguvu, ikazima, vilevile kama siku ile. Alisema alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuweza hata kufungua boneti. Mafuta hayakuwa ya Donatus tena, alikuwa ameyachuja mwenyewe, na chujio lilikuwa jipya. Alikaa chini kwenye kivuli cha gari. Baada ya muda akaona labda mafuta yameisha, akakata kijiti apime. Akafungua ule mpira, akalegeza kifuniko, akatoa kile kipande cha tyubu. Tanki likavuta hewa kwa nguvu, kama mtu anayeibuka majini.

Kwa wasio mafundi, nitaeleza alivyonieleza. Mafuta yakitoka kwenye tanki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kifuniko cha Landrova kilikuwa na kitundu kidogo kwa kazi hiyo. Yeye alikuwa amekiziba kwa tyubu. Gari likitembea, pampu inavuta, tanki linabana, mpaka pampu inashindwa na injini inakufa kwa njaa. Siku ile ya Evelina, kila alipofungua chujio au bomba, tanki lilipata pumzi kidogo kupitia pale pale alipofungua, gari likawaka, naye akaamini ametibu. Uchafu aliouona kwenye chujio ulikuwa wa kawaida. Gari lolote la Bugarama ukilifungua utaukuta. Mahali pekee ambapo hakutazama ni pale alipofunga mwenyewe.

Alirudisha kifuniko bila tyubu, akawasha, akafika Bugarama bila kusimama. Aliniambia, "Dada, njia yote nilikuwa naomba lizime." Halikuzima.

Mtauliza kwa nini hakusema siku ile ile. Nami nilimuuliza, tena kwa hasira, maana watoto wake nimewalea mimi, na kila mwaka nilikuwa nawafundisha kumchukia mjomba wao bila sababu. Alisema alikwenda Nkome mara mbili. Mara ya kwanza alimwona Donatus kwa mbali anageuza dagaa juani, akarudi. Mara ya pili hata kwenye mialo ya wavuvi hakufika. Kila mwaka uliopita ulifanya neno lile liwe zito zaidi kulibeba, mpaka akawa anabeba hilo tu. Alitoboa kifuniko cha Landrova kwa msumari ili kisizibike tena hata kwa bahati mbaya. Akaanza kusema kwa kila gari, fungua kwanza. Na akaanza kubeba wajawazito.

Hilo mnalijua. Kuanzia mwaka ule hakuna mama aliyekuwa anahangaika Bugarama na vijiji vya jirani ambaye Landrova ilimkataa. Alipigiwa simu akiwa anakula, akiwa misani, akiwa na homa. Aliwasha akaenda. Wapo watoto wawili watatu wanaoitwa Tarsisi kwa sababu hiyo, na mmoja yuko hapa, amekuwa mrefu kuliko jina lake. Wazazi walikuja na kuku kushukuru, na sisi tulikuwa tunashangaa kwa nini mtu anayeshukuriwa anakunja uso na kwenda kujificha chini ya gari. Sikumwona hata siku moja akipumzika. Tulidhani ni wema tu. Wema ulikuwepo, nauapia, lakini alikuwa pia mtu anayekimbia, na miaka ishirini ni mingi kukimbia.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alianza kupata shida ya kumeza. Kwanza ugali, akahamia kwenye wali. Wali ukagoma, akahamia kwenye uji. Alitibiwa Kahama, kisha Mwanza, na huko wakatuambia ni saratani ya koo. Alimwambia daktari, "Kwa hiyo pampu ni nzima, bomba ndilo limeziba." Daktari alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa vipimo na sikucheka. Alipata mionzi, akapata nafuu, akarudi gereji akakaa kwenye kiti akimwelekeza Boaz kwa fimbo. Mwaka huu mwezi wa tatu sauti ikaanza kukatika. Alikuwa amejiapiza kwamba Pasaka itakapofika atasimama kanisani baada ya misa na kusema yote mbele ya watu. Pasaka ilipofika, alisimama, nilimwona akisimama, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akakaa. Watu walidhani ameishiwa nguvu.

Mwezi Juni, mchana mmoja, nikiwa nampa maziwa kwa kijiko, alinishika mkono akaninong'oneza haya yote niliyowasomea. Ilimchukua mchana wote, kwa sababu alikuwa anapumzika kati ya neno na neno. Mwisho alisema, "Uyaandike kwenye wasifu. Usiyapunguze."

Nilimwambia ampigie Donatus. Akasema hana sauti. Nikampigia mimi.

Donatus alikuja Julai. Tulikuwa hatujaonana toka siku ile ya udongo, na nilimjua kwa mwendo tu, kichwa kimekuwa cheupe. Aliingia, akaniamkia, akavuta kiti karibu na kitanda. Tarsisi alinong'ona, na Donatus akainama kusikia. Nilikaa mlangoni. Ilichukua muda mrefu. Tarsisi alipomaliza alikuwa analia bila sauti, kwa sababu hata ya kulilia hakuwa nayo.

Donatus alijifuta uso. Akasema, "Shemeji, mafuta yangu nilikuwa nachuja kwa shuka la kitanda changu. Dada alinipa mwenyewe. Mimi nilijua siku zote kwamba ni safi."

Tarsisi akasema kitu, sikukisikia.

"Nimekusamehe, hilo nilishalimaliza nikiwa Nkome, ningekufa kama nisingelimaliza," Donatus alisema. "Lakini hukuharibu baina yangu na wewe tu. Usiniambie mimi. Waambie wao, waliokuwepo makaburini."

Kisha aliomba ugali, akala pale pale kitandani kwa mgonjwa, na alilala kwetu siku mbili. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta yuko nje kwenye Landrova. Alikuwa amefungua kifuniko, amekishika juani, anatazama mwanga ukipita kwenye kile kitundu cha msumari. Alikirudisha, akakifunga vizuri, akaenda kupanda gari la Geita.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Bugarama, akiwa amepokea sakramenti, mikononi mwa Violeth na mimi. Hakuwa na maumivu mwishoni. Zilibaki siku chache atimize miaka sitini na mmoja. Aliomba azikwe hapa, kando ya mkewe, na aletwe kwa Landrova. Boaz alikuwa na wasiwasi kama itafika, na ndugu wengine walishauri tukodi gari la maana. Imefika. Njiani ilitetemeka lakini haikuzima.

Marehemu ameacha watoto wawili, Violeth, mwalimu mjini Geita, na Boaz, ambaye anaendelea na gereji, wajukuu wanne, dada mmoja, ambaye ni mimi, baba mdogo, Mzee Eustace, na madereva wengi wa Bugarama na Msalala yote ambao kuanzia leo watajifungulia vifuniko wenyewe.

Ameacha pia shemeji mmoja, Donatus, mdogo wa Evelina, mjomba wa Violeth na Boaz. Amefika jana kutoka Nkome na gunia la dagaa kwa ajili ya msiba, na amekaa kule nyuma, upande wa magari, kwa sababu hakuna aliyemwambia asogee. Shemeji, mafuta yako yalikuwa safi. Hilo ndilo neno nililotumwa, na sasa limesemwa hapa hapa liliposemwa lile lingine, na wale wale waliolisikia wakisikia.

Utaratibu wa udongo ni huu. Watoto wataanza. Baada yao ni Donatus, kabla ya mimi na kabla ya wazee. Wazee wa pande zote mbili wamekubali. Na ukimaliza kwa Tarsisi, usirudi kukaa. Geukia kaburi hili la kando. Boaz ameng'oa majani asubuhi, na amekuachia udongo pale kwenye karai, udongo wa dada yako. Chukua muda unaoutaka, tutasubiri.

Kaka yangu alichoka. Sasa neno lake limefika kwa wenyewe, Bwana ampe kupumzika, na alale kwa amani.